Lita ishirini, kilo ngapi?

Alikuja saa nne asubuhi, dumu la njano kichwani, na hakusalimia.

Alilitua kwenye kaunta ya duka la mama mdogo, Mama Asha, pale Mbagala, mbele ya wateja waliokuwa wakisubiri sukari na sabuni. Ni mama anayekaanga maandazi mtaa wa pili, mteja wa miaka mingi. Jioni iliyotangulia alikuwa amenunua lita 20 za mafuta ya alizeti. Zilipimwa kutoka kwenye pipa kwa kopo la lita 5, mara nne, macho yake yakiwa hapo hapo. Dumu nililishika mimi.

"Mama Asha, nimepita kwa muuza mchele nikaliweka kwenye mzani. Kilo 19 na gramu 200, na hapo dumu lenyewe limo humo humo. Zangu nyingine ziko wapi?"

"Mwenzangu, si tulipima wote? Mungu anaona."

"Mungu anaona, na mzani nao umeona."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mama mdogo alimwongezea nusu lita ili kelele ziishe, naye akaipokea, akajitwika dumu lake, akaondoka. Tangu siku hiyo ananunua duka la ng'ambo ya barabara.

Hakuna aliyeiba. Hilo ndilo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Kopo la lita 5 lilikuwa sahihi, limekaguliwa na lina alama yake. Mzani wa muuza mchele nao ulikuwa sahihi. Vipimo viwili vya kweli vimekutana juu ya dumu moja, na watu wawili waaminifu wametoka hapo kila mmoja akimwona mwenzake mwongo. Sisi tuliosimama pale, na kati yetu walikuwamo watu waliosoma, hatukuwa na sentensi moja ya kumtuliza yule mama. Tulijua mafuta ni mepesi kuliko maji, maana kila mtu ameyaona yakielea juu ya mchuzi. Mepesi kwa kiasi gani? Hapo tulinyamaza.

## Maji ndiyo yametuzoesha

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Haikutokea kwa bahati. Ufaransa ilipotunga vipimo vya metriki, sheria ya mwaka 1795 ilisema gramu ni uzito wa maji safi yanayojaa kijisanduku cha sentimita moja kila upande. Kilo ikazaliwa kutokana na maji. Baadaye mambo yakageuzwa: kuanzia 1901 hadi 1964, lita yenyewe ilitafsiriwa rasmi kuwa ni nafasi inayojazwa na kilo moja ya maji.

Kwa hiyo mama wa maandazi hakuwa mjinga hata kidogo. Alifuata hesabu ambayo watu wenye elimu kubwa waliifanya msingi wa vipimo vyote, na ambayo kwa maji, na kwa maziwa kwa kukadiria, haimwangushi mtu. Ndoo ya maji ya lita 20 anayojitwika kila siku ni kilo 20. Shingo yake inajua hivyo.

Mafuta yako kando ya hesabu hiyo. Lita moja ya mafuta mengi ya kupikia ni gramu 910 hadi 925. Kwa kukumbuka kirahisi, shika 0.92. Lita 20 zizidishe kwa 0.92, unapata kilo 18.4. Ukitaka kurudi nyuma, kutoka kilo kwenda lita, unagawanya: kilo moja ya mafuta ni lita 1 na mililita 87 hivi.

Dumu tupu la aina ile nililipima baadaye: gramu 900. Toa kwenye kilo 19.2, zinabaki kilo 18.3.

Lita 20 zake zilikuwa zimetimia.

## Chupa na mstari wa kalamu

Sikutaka kuishia kwenye namba za kuambiwa. Nilitaka kuona kwa macho, tena kwa vitu ambavyo vipo katika nyumba yoyote, ili hata yule mama akitaka afanye mwenyewe.

Nilichukua chupa ya maji ya kunywa, nikaikausha vizuri, nikaiweka juu ya mzani mdogo wa jikoni na kuurudisha kwenye sifuri. Nikamimina maji polepole mpaka mzani ukasoma gramu 500. Pale maji yalipofika nikachora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Sasa nilijua kwamba kutoka chini hadi kwenye mstari ni nusu lita. Nikayamwaga maji, nikaikausha tena chupa (hapa usiwe na haraka, tone la maji likibaki linaharibu hesabu), kisha nikaijaza mafuta ya alizeti hadi kwenye mstari ule ule.

Gramu 458.

458 kugawanya kwa 500 ni 0.916. Namba ya mafuta yale, siku ile, kwa joto lile la Dar es Salaam.

Nikafanya hivyo kwa mafuta ya ufuta, yakaja 457. Mafuta ya nazi yaliyokuwa yameyeyuka yenyewe kwa joto la mchana yakaja 458 tena. Nilitegemea kuona tofauti kubwa, kwa sababu ukiyaangalia na kuyanusa hayafanani kabisa: ya ufuta yana harufu inayojaza chumba, ya nazi yakipata baridi kidogo yanakuwa meupe na kuganda. Lakini kwenye mzani ni ndugu. Tofauti ya gramu moja kwa nusu lita ni ndogo kiasi kwamba mzani wangu wenyewe hauwezi kuiapia.

Hili lilinipa nafuu kubwa. Lilimaanisha kwamba mwenye duka hahitaji jedwali refu ukutani. Namba moja inatosha kwa alizeti, pamba, soya, ufuta, mahindi na karanga, na anayeishika hakosei kwa zaidi ya gramu chache kwenye kila lita.

Yaliyonisumbua ni mawese.

## Mawese hayakai sehemu moja

Mwenye ndugu Kigoma anayajua mawese yanayoshuka na treni au basi, mekundu, yenye kuganda nusu. Asubuhi ya baridi ni uji mzito. Mchana yamejitenga, chini mgando wa njano, juu mafuta mekundu yanayong'aa. Unayapimaje kwa kopo? Ukichota juu unapata kitu kimoja, ukichota chini unapata kingine. Watu wanayachemsha kidogo yawe sawasawa, halafu wanayamimina kwenye dumu yakiwa ya moto.

Na hapo ndipo mambo yanapogeuka. Mafuta yakipata joto yanatanuka, takriban asilimia 0.07 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Inaonekana si kitu. Lakini ukijaza lita 20 za mawese yakiwa kwenye nyuzi 60, yakapoa mpaka nyuzi 30, yanasinyaa kwa zaidi ya mililita 400, kabla hata hujahesabu kusinyaa kwa kuganda. Jioni dumu limejaa hadi shingoni. Asubuhi limeshuka vidole kadhaa. Ugomvi mwingine huo, na hakuna aliyechota.

Uzito haukubadilika hata gramu moja.

Hapa ndipo nilipoanza kubadilika mimi. Mpaka wakati huo nilikuwa natafuta tu namba ya kumjibu mteja mmoja. Baada ya mawese nikaanza kujiuliza kwa nini mafuta tunayauza kwa lita kabisa.

## Kule juu hakuna anayeuliza lita

Mafuta mengi tunayokaangia mijini yanatoka Malaysia na Indonesia, ni ya michikichi, yanafika kwa meli. Soko kubwa la kupangia bei yake liko Kuala Lumpur, Bursa Malaysia. Pale mkataba mmoja ni tani 25, na bei inasemwa kwa ringgit, fedha ya Malaysia, kwa tani. Tani. Lita haitajwi.

Meli ikifika bandarini kupakua, wapimaji wanashusha utepe ndani ya tangi kuona kina, wanashusha kipimajoto kusoma joto katika vina tofauti, kisha wanaingia kwenye majedwali na kubadili ujazo kuwa uzito kwa joto lile lile walilolisoma. Hawawezi kufanya vinginevyo. Mafuta ya michikichi yasiyosafishwa hupashwa moto melini hadi nyuzi 50 au 55 ili yaweze kusukumwa na pampu, na mafuta ya moto yanachukua nafasi kubwa kuliko ya baridi.

Chukua tani moja ya mafuta ya michikichi yaliyochujwa. Kwenye nyuzi 50 ni takriban lita 1,120. Kwenye nyuzi 25 ni takriban lita 1,100. Tani ile ile. Kati ya bandari ya moto na ghala lililopoa, lita 20 zimeondoka katika kila tani bila mtu kugusa koki. Ni dumu zima kama lile la mama wa maandazi. Mfanyabiashara wa tani maelfu akikubali kupimiwa lita za moto na kuziuza za baridi, atafilisika. Ndiyo maana hakubali.

Kwa hiyo mwenye meli ananunua uzito. Mwenye kiwanda ananunua uzito. Halafu mahali fulani kati ya kiwanda na sufuria, uzito unageuka kuwa ujazo, na yule wa mwisho kabisa, mwenye fedha kidogo kuliko wote, anapewa kipimo ambacho wakubwa walikikataa.

Nimelifikiria hili mara nyingi na bado linaniuma.

## Kilichotokea India

India waliligusa suala hili hadharani. Mwezi Agosti 2022 serikali yao iliwaagiza wafungashaji wa mafuta ya kula waache kuandika ujazo wakiufunga na joto, na wahakikishe uzito ulioandikwa unalingana na ujazo. Sababu ilikuwa kwamba baadhi yao walikuwa wanaandika lita moja kwa kipimo cha nyuzi 60. Ukiandika hivyo huvunji neno lako: ni lita moja kweli, ila mpaka uipashe moto. Mfano uliotolewa ni mafuta ya soya. Lita moja kwenye nyuzi 21 ni gramu 919. Lita moja kwenye nyuzi 60 ni gramu 892.6. Gramu 26 zimepatikana kwa kuandika namba tu pembeni ya kifungashio. Walipewa hadi tarehe 15 Januari 2023 kurekebisha.

Gramu 26 ni karibu vijiko viwili vya mezani. Kwa familia moja ni kidogo. Kwa mwenye kufungasha lita milioni moja ni tani 26.

## Kibaba cha mfuto

Wazee wa pwani walikuwa na vibaba na pishi, pishi moja vibaba vinne, na walipima nafaka kwa ujazo maisha yao yote. Lakini hawakukuachia useme "kibaba" ukanyamaza. Kuna kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu kwa mkono au kijiti, na kuna kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kimefanya kilima. Mnunuzi na muuzaji walikubaliana ni kipi kabla mchele haujamwagwa. Na vitu vizito vya biashara kubwa, karafuu na pembe za ndovu, havikwenda kwa kibaba. Vilikwenda kwa frasila, ratili 35, kilo 16 hivi, kwenye mzani.

Sisi tumebaki na ujazo bila yale makubaliano.

Angalia gunia. Mkulima wa alizeti wa Singida au Dodoma anauza gunia, na mnunuzi anataka lishonwe lumbesa, limechomoza juu kama limevaa kofia. Gunia moja, bei moja, uzito mwingine kabisa. Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa miaka mingi, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo. Wanachosema kwa mkulima ni kimoja: uza kwa mzani. Nakubaliana nao asilimia mia. Lakini alizeti ile ile ikishakamuliwa, mashudu yakaenda kwa wafugaji kwa kilo, mafuta yanarudi barabarani kwenye madumu yaliyopangwa juani, yanauzwa kwa lita. Mbegu kwa kilo, mashudu kwa kilo, mafuta kwa lita. Mkulima akitaka kujua gunia lake limetoa asilimia ngapi ya mafuta, lazima kwanza azidishe kwa 0.92, na akisahau anajiona amekamua kuliko alivyokamua.

## Ya mia tano

Hapa ndipo roho yangu ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wateja wengi wa mama mdogo hawanunui lita 20. Hawanunui hata lita moja. Wanakuja na chupa ndogo wanasema, "Nipimie ya mia tano." Tuseme lita ni shilingi 6,000. Ya mia tano inapaswa kuwa mililita 83, sawa na gramu 76. Anapimiwa kwa kikopo kidogo.

Nilikijaribu kikopo cha namna hiyo, cha mililita 100. Nilikijaza mpaka ukingoni, nikakimimina kwenye chupa iliyokuwa juu ya mzani kama mtu anavyomimina dukani, kuna foleni, mtoto analia, hakuna anayesubiri. Ilipaswa kusoma gramu 91 na kitu. Ilisoma 88. Nikakiinua kile kikopo kwenye mwanga. Ukuta wake wa ndani wote ulikuwa umevaa utando wa mafuta unaoteremka taratibu sana, na kwenye kona ya chini palikuwa na kidimbwi kidogo. Nilikiacha kimeinama juu ya chupa. Matone yaliendelea kudondoka kwa muda ambao hakuna muuza duka anayeweza kumpa mteja mmoja.

Gramu tatu na nusu zimebaki kwenye kikopo. Karibu asilimia 4.

Ukipima lita 5 kwa kopo kubwa, utando unaobaki ni sehemu ndogo sana ya mafuta yote, huioni hata kwenye hesabu. Ukipima mia tano, unaiona. Hivyo anayenunua kidogo zaidi ndiye anayepoteza zaidi kwa kila shilingi, na anapoteza kila siku, kwa sababu ya mia tano hununuliwa kila siku. Kinachobaki kwenye kikopo kinarudi kwenye pipa au kinaingia kwa mteja anayefuata. Muuzaji hajafanya hila yoyote. Kikopo kimefanya.

Kwa mzani utando haumhusu mteja. Unaweka chupa yake juu, unabonyeza sifuri, unamimina mpaka isome 76. Kilichobaki kwenye kikopo si chake na hajakilipia. Kilichoingia ni chake chote.

Nilimwonyesha mama mdogo jambo hili usiku, duka likiwa limefungwa. Aliangalia namba, akachukua kikopo mwenyewe, akarudia. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe watoto wa watu tunawapunja na hatujui." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli, na nilimpenda zaidi kwa hilo.

## Kilo inaonekana ghali

Kwa hiyo tuuze kwa kilo? Nilidhani ndiyo, mara moja, kesho yake. Mama mdogo ndiye aliyenizuia, na alikuwa na haki.

Lita ikiwa 6,000, kilo ya mafuta yale yale ni 6,520. Ukiandika kwenye ubao "Mafuta kilo 6,520" na duka la ng'ambo limeandika "Lita 6,000", nani atavuka barabara kuja kwako? Hata ukipunguza ukauza kilo kwa 6,200, ambayo ni sawa na lita kwa 5,700, bado utaonekana ghali kwa shilingi mia mbili. Mtu mwenye watoto wanaosubiri chakula hasimami kuzidisha kwa 0.92.

Ninaona jambo hilo hilo hata kwenye maduka makubwa yenye rafu. Chupa ya lita moja kwa 6,500 imesimama karibu na pakiti ya kilo moja kwa 6,900. Mkono unakwenda kwenye chupa. Lakini ya chupa, ukiigeuza kuwa kilo, ni 7,065. Pakiti ndiyo nafuu. Na pakiti iliyoandikwa gramu 900 si ndogo kama inavyosikika, ni mililita 978, imekaribia lita. Aliyepanga bidhaa hizi hahitaji kusema uongo wowote. Anahitaji tu vipimo viwe viwili na mnunuzi awe na haraka.

Tulichokubaliana na mama mdogo ni kuandika vyote viwili, lita na kilo, bei zote mbili, kwenye ubao mmoja. Mteja achague apimiwe kwa kipi. Kwa wa mia tano hatumuulizi, tunatumia mzani. Wapo walioanza kuhoji, wapo wasiojali. Sijui kama duka litapata faida kwa hilo, na sikulifanya kwa ajili hiyo.

## Mashaka niliyobaki nayo

Mzani nao unachezewa. Kila mtu aliyenunua nyama anajua mkono unaogusa sinia, jiwe lililochongwa, betri inayokaribia kuisha. Kopo likibonyezwa unaweza kuliona kwa macho, mzani ukichezewa huoni. Rafiki yangu mmoja alinibana hapa na sikuwa na jibu kubwa zaidi ya kwamba mzani una mahali pa kubandikwa stika ya ukaguzi, na kwamba mteja anaweza kuupima kwa chupa ya maji isiyofunguliwa. Nusu lita ya maji na uzito wa chupa yenyewe. Ukisoma mbali na 520 hivi, uliza.

Shaka kubwa zaidi ni kwamba uzito hausemi lolote kuhusu kilichomo. Mafuta ya michikichi yakichanganywa kwenye ya alizeti, mzani utasoma karibu vile vile, kwa sababu nilishasema, ni ndugu. Mtu anaweza kukupimia gramu kamili za kitu ambacho hukukiomba. Kwa hilo mzani hausaidii, na sitaki mtu asome makala haya akadhani nimemaliza matatizo ya mafuta.

## Kina mama wa sabuni

Hawa ndio walionifanya niandike badala ya kukaa na namba zangu. Kuna kikundi cha kina mama mtaani kwetu wanaotengeneza sabuni za mche na za kuogea. Mafunzo waliyopewa yameandikwa kwa kilo, lakini mafuta wananunua kwa lita, na katika madaftari mengi niliyoonyeshwa "kilo 1" na "lita 1" vinapishana kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwenye maandazi hilo halidhuru. Kwenye sabuni linachoma ngozi. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki soda ili yote igeuke sabuni. Mtengenezaji mwangalifu hupunguza asilimia 5, anaweka 174, ili mafuta kidogo yabaki na sabuni iwe laini mwilini. Sasa mimina lita moja badala ya kilo. Umeweka gramu 920 tu, ambazo uwezo wake wa mwisho kabisa ni gramu 168 za kostiki. Umeweka 174. Gramu sita hazina mafuta ya kushikana nayo. Zinabaki ndani ya mche kama zilivyo, zikisubiri maji na mkono wa mtu, au mgongo wa mtoto.

Kiasi cha usalama chote, ile asilimia 5, kimeliwa na tofauti ya asilimia 8 kati ya lita na kilo. Niliwachorea hesabu hii kwenye karatasi tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Mmoja wao, aliyewahi kurudishiwa sabuni na wateja kwa sababu ya kuwasha, alichukua kalamu yangu na kuanza kupitia daftari lake ukurasa kwa ukurasa.

## Kwa atakayetaka kuanza leo

Kijiko cha chai cha mililita 5 ni gramu 4.6 za mafuta. Kijiko cha mezani cha mililita 15 ni gramu 14 kasoro kidogo. Kikombe cha mililita 250 ni gramu 230. Mapishi ya Kimarekani yana kikombe chao kidogo zaidi, mililita 237, hicho ni gramu 218. Nusu lita ni 460, lita 5 ni kilo 4.6, lita 10 ni kilo 9.2, na dumu la 20 ni kilo 18.4 bila dumu. Ukipima dumu likiwa limejaa, tafuta kwanza jingine tupu la aina ile ile ulipime, kwa sababu yanatofautiana.

Kama mafuta yametoka juani au jikoni, yaache yapoe kwanza ndipo uyapime kwa lita. Kwa mzani pima wakati wowote. Na mafuta yaliyoganda, ya kwenye kopo, samli, au nazi ya asubuhi, usiyapime kwa kikombe kabisa. Yanashika hewa pembeni na katikati, kikombe kinaonekana kimejaa nacho hakijajaa. Hayo ni ya mzani peke yake.

Kwa Kenya, wanaopima unga na mahindi kwa kopo la mafuta ya kupikia ya Kasuku au Kimbo la kilo 2, kopo hilo lilitengenezwa kubeba kilo 2 za mafuta, kwa hiyo ndani lina nafasi ya zaidi ya lita 2. Kilo 2 zilizoandikwa ubavuni ni za mafuta yaliyokuwamo mwanzo. Unga unaoujaza humo leo una uzito wake mwingine.